Je, Wajua? Spiriti ya Miwa Kwenye Turbo

Ethanoli, spiriti ile ile iliyomo kwenye gongo, huendesha magari. Malawi huichanganya na petroli tangu 1982, ikiitoa kwenye molasi ya viwanda vya sukari.

Lakini mwenye Subaru ya turbo anayeikimbiza kati ya Kahama na Geita asiitamani E85, yenye ethanoli hadi asilimia 85, kabla ya kuifanyia gari marekebisho. Kilo 1 ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa; ya ethanoli, kilo 9 tu. Yaani kwa hewa ile ile, injini hudai ethanoli nyingi zaidi: nozeli za kawaida huzidiwa, injini hupungukiwa mafuta, hata pistoni zikatoboka.

Na gongo lenyewe? Limejaa maji, nayo hujitenga na petroli na kuzama chini ya tanki, pale pale pampu inaponyonya.