Ushuhuda wa damu: namna ya kutambua magonjwa ya mwili unaojipiga wenyewe

Katika parokia zetu wako wagonjwa ambao ugonjwa wao hautambulikani upesi. Mama kijana anaumwa vidole kila asubuhi, nywele zake zinapukutika, homa inakuja na kuondoka. Usoni panatokea alama juu ya mashavu yote mawili. Katika ngozi nyeusi alama hiyo mara nyingi ni doa jeusi kuliko jekundu. Amekwisha kunywa dawa za malaria mara nyingi, wala hakupona. Basi watu wa nyumbani wanaanza kusema: Kuna mlozi, amepewa karuho. Siku nyingine anapelekwa lopitali kubwa, na huko anapewa karatasi iliyoandikwa kwamba damu yake ina «anticorps antinucléaires». Jamaa wanaichukua karatasi ile kwa padri ama kwa katekista, wanauliza: Maana yake nini? Atakufa?

Hatutaki kuwafanya wasomaji wetu kuwa wanganga. Lakini mwenye kuongoza watu yafaa ajue thamani ya karatasi kama hiyo, asije akamhukumu mtu ambaye munganga mwenyewe hajamhukumu. Ndiyo sababu tunaeleza hapa jambo hili polepole.

1. Antikori ni nini?

Mikrobi ikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu hutengeneza vitu vidogo sana vya protini ili kuipinga. Kwa kifaransa vitu hivyo huitwa anticorps. Nasi tutaviita antikori. Wenzetu wa Tanzania husema kingamwili. Kila antikori ina umbo linalopatana na kitu chake, kama ufunguo na kufuli lake. Antikori ya surua haiwezi kushika sumu ya pepopunda. Kwa hiyo mtoto sharti apate chanjo ya hili na chanjo ya lile.

Sasa, mwili unajuaje kitu kisicho chake? Chembe nyeupe zinapokua hupitishwa katika jaribio. Zile zinazoshika kwa nguvu mwili wenyewe huuawa ama hunyamazishwa. Lakini jaribio hilo si kamili, na nyingine hupita. Hizo zaweza kutengeneza antikori juu ya mwili wa mwenyewe, ndizo tunazoziita otoantikori. Tuangalie vizuri: kuwa na otoantikori kidogo si ugonjwa. Ugonjwa upo pale mwili unapoumizwa kweli: viungo vinapovimba, figo zinapoharibika, damu inapopunguka.

2. Jambo hili lilivyogunduliwa

Karibu na mwaka 1900, huko Ujeremani, Paul Ehrlich na mwenzake Julius Morgenroth walitia damu ya mbuzi wengine katika miili ya mbuzi. Mbuzi wale wakatengeneza antikori juu ya damu ya wenzao, lakini si juu ya damu yao wenyewe. Ehrlich akaliita jambo hilo kwa kilatini horror autotoxicus, yaani mwili huogopa kujitia sumu. Wengi wakashika neno hilo, wakadhani kwamba mwili hauwezi kabisa kujipiga.

Lakini katika mwaka 1904, mjini Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walichunguza wagonjwa waliokojoa mkojo mweusi kila walipopatwa na baridi. Waliona kwamba damu ya wagonjwa hao ina antikori inayoshika chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe wakati wa baridi, kisha chembe hizo hupasuka damu ikipata joto tena. Ushahidi ulikuwa wazi, lakini kwa miaka mingi watu wachache tu waliufuata.

Katika mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa kliniki ya Mayo, Marekani, waliona katika uboho wa wagonjwa wa lupus chembe nyeupe iliyomeza kiini cha chembe nyingine. Baadaye ilijulikana kwamba hiyo ilikuwa kazi ya antikori zinazoshika viini vya chembe. Ndipo ukafika mwaka 1956. Mjini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta katika damu ya wagonjwa antikori juu ya tezi ya shingo. Mwaka ule ule, mjini Buffalo, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwamba sungura waliweza kutengeneza antikori juu ya tezi yao wenyewe, na tezi ikaharibika. Witebsky alifundishwa na mwanafunzi wa Ehrlich; ikambidi akubali yale ambayo mafundisho ya walimu wake yaliyakataa.

3. Namna ya kuzitafuta

Mtu wa laboratwari anachukua kioo chenye chembe za mtu zilizooteshwa. Anamwagia serumu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yasiyo na chembe. Kama mna antikori zinazopenda viini, zitashikamana navyo. Halafu anaosha kioo, anatia dawa inayoshika antikori na kung'aa. Akitazama kwa mikroskopi ya namna yake, viini vinang'aa rangi ya kijani. Tena anaitia serumu maji zaidi na zaidi, apate kujua nguvu zake. Akiandika 1:80, maana yake serumu iliyopunguzwa mara 80 bado imeng'arisha viini. 1:640 ni nguvu zaidi.

Kipimo hicho ni kama mlango tu. Baadaye hutafutwa antikori zinazojulikana kwa ugonjwa fulani. Antikori juu ya ADN yenye nyuzi mbili, na ile iitwayo anti-Sm iliyogunduliwa mwaka 1966, huelekea sana ugonjwa wa lupus. Antikori iitwayo anti-CCP huelekea ugonjwa wa viungo unaopindisha vidole, unaoitwa kwa kifaransa polyarthrite rhumatoïde. Antikori inayoshika mahali ambapo mshipa wa fahamu unaamuru nyama ya mwili huelekea myastenia: katika ugonjwa huo kope za macho huanguka na nguvu hupungua kadiri mtu anavyofanya kazi.

Si otoantikori zote zenye kazi moja. Ile ya myastenia ni mhalifu mwenyewe, kwani ndiyo inayoziba amri ya mshipa. Twajua hivi kwa sababu mama mwenye ugonjwa huo pengine huzaa mtoto aliye mlegevu, asiyeweza kunyonya vizuri: antikori za mama zimempitia tumboni. Baada ya majuma machache antikori hizo zinakwisha, na mtoto anapata nguvu. Nyingine hazijulikani kwamba zinaumiza zenyewe. Zinatuonyesha tu kwamba mwili umeanza kujipiga.

4. Shahidi mmoja hatoshi

Wanaosoma sheria wanajua neno la kale: testis unus, testis nullus. Neno hilo latufaa hapa.

Katika mwaka 1997 Eng Tan na wenzake wa nchi mbali mbali walitangaza hesabu ya watu wazima wasio na ugonjwa. Kwa kipimo cha 1:40, karibu watu 32 katika 100 walikuwa na antikori za viini. Kwa 1:80, 13. Kwa 1:160, 5. Hao wote walikuwa wazima. Tukimwambia kila mmoja wao kwamba ana lupus, tutakuwa tumewaonea watu wengi sana.

Zaidi ya hayo, magonjwa tunayoyajua huku kwetu yaweza kuamsha ushuhuda kama huo. Malaria, kifua kikuu, ukoma na ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi hutia pengine otoantikori katika damu, hasa ile ya zamani inayotafutwa kwa ugonjwa wa viungo na kuitwa facteur rhumatoïde. Wazee pia huwa nayo bila kuumwa.

Tena shahidi aweza kufika mapema mno. Katika mwaka 2003 wachunguzi wa Marekani walitafuta damu iliyowekwa akiba ya askari 130 ambao baadaye walipata lupus. Askari 115 kati yao walikuwa na otoantikori kabla ugonjwa haujatambuliwa, mmoja hata zaidi ya miaka 9 mbele.

Na shahidi akikosekana? Hata hivyo mtu haachiliwi mara moja. Kati ya wagonjwa 100 wenye myastenia ya mwili mzima, karibu 15 hawana ile antikori tuliyoitaja. Vilevile alama ya mwili peke yake hudanganya. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, wanganga walichunguza katika miaka ya 1960 watu wengi wenye shingo zilizovimba. Shina la ugonjwa huo lilikuwa upungufu wa iodi katika chakula, si mwili kujipiga.

Basi munganga hufanya kama hakimu mwema: anakusanya mashahidi. Anamsikiliza mgonjwa, anatazama ngozi na viungo, anapima mkojo ajue kama figo zinatoa protini, anahesabu chembe za damu. Ndipo anasoma otoantikori. Kanuni zilizotolewa mwaka 2019 na vyama vya wanganga wa Ulaya na Marekani ili kupanga wagonjwa wa lupus katika uchunguzi zafuata njia hiyo. Kwanza mtu awe na antikori za viini kwa 1:80 ama zaidi, walau mara moja. Hiyo humfungulia mlango tu. Kisha alama zake zihesabiwe hata zifike 10, na moja walau iwe alama ya ugonjwa wenyewe, isiwe ya antikori tu.

5. Ushuhuda unaovunja nyumba

Tukae zaidi juu ya jambo moja, kwani lawagusa sana wanaosikiliza mashauri ya ndoa. Katika mwaka 1906 August Wassermann na wenzake walitoa kipimo cha sifilisi, yaani kaswende. Baadaye ilionekana kwamba kipimo hicho hakishiki mikrobi ya sifilisi yenyewe. Kinashika antikori juu ya mafuta fulani ya mwili, ambayo Mary Pangborn aliyatoa katika moyo wa ng'ombe na kuyatangaza mwaka 1941 kwa jina la kardiolipini. Vipimo viitwavyo VDRL na RPR, vinavyotumika hata leo, vina shina hilo hilo.

Sasa, sifilisi huleta antikori hizo. Lakini malaria na ukoma pengine huzileta pia, na tena lupus. Katika mwaka 1952 Joseph Moore na Charles Mohr wa Baltimore walieleza juu ya watu ambao kipimo chao kilisema sifilisi kwa muda mrefu, kumbe hawakuwa nayo. Baadhi yao walionekana baadaye kuwa na lupus. Na tangu mwaka 1983, kwa kazi ya Graham Hughes na wenzake wa London, twajua kwamba antikori za namna hii huenda pamoja na damu kuganda ndani ya mishipa na mimba kuharibika mara kwa mara.

Fikirini basi juu ya mama aliyepoteza mimba tatu. Anapimwa, karatasi yasema VDRL positif. Bwana wake anapimwa, hana kitu. Ukoo unakaa barazani: kwanza walimwita mlozi aliyekula watoto wake, sasa wanamwita malaya. Labda kweli ana sifilisi, nayo pia yaweza kumpata mke mwaminifu. Lakini labda ni otoantikori, na mama huyu hana kosa lo lote. Kipimo cha pili, kinachotafuta antikori juu ya mikrobi yenyewe, kwa mfano TPHA, husaidia kutenganisha. Hicho nacho hakiwezi kutenganisha sifilisi na buba, ugonjwa wa ngozi ambao watoto wengi wa msituni waliupata bila dhambi yo yote. Na kama ni otoantikori za kuganda damu, munganga atazipima tena baada ya majuma 12 ama zaidi, kwani zile zinazoletwa na mikrobi mara nyingi hupotea. Zikidumu, kuna dawa, kama aspirini kidogo na heparini, ambazo zimewasaidia mama wengi wa namna hii kuzaa mtoto hai.

Lakini mtu asichukue maneno haya ili kumkataza mama mwenye mimba kupata penisilini. Sifilisi ni ugonjwa unaopatikana sana, nayo huua watoto tumboni. Munganga akisema sindano, sindano ipigwe mara moja; kipimo cha pili kitafuata.

6. Yatupasayo

Kwanza, tusitangaze hukumu juu ya karatasi. Akituuliza mtu, tumjibu: Hili ni neno moja, munganga alipime pamoja na mengine. Karatasi ni siri ya mgonjwa, isisomwe mbele ya baraza la ukoo.

Pili, tumsaidie mgonjwa kuandika habari zake kabla ya safari ya lopitali: ugonjwa ulianza lini, viungo gani vinauma na saa gani, mimba ngapi ziliharibika na katika mwezi wa ngapi, dawa gani amekwisha kunywa, hata za miti. Habari hizo ni mashahidi wazuri, wala hazina bei.

Tatu, tulinde dawa zake. Mwenye lupus hupewa mara nyingi hidroksiklorokini, ndugu ya dawa ya malaria. Jamaa watasema: Huyu hana malaria, aache. Tuwaeleze kwamba dawa hiyo yatuliza mwili usijipige. Na prednisolone aliyoizoea mwili kwa muda mrefu isikatwe kwa siku moja, hata kama mtu ameahidi kumponya kwa maombi ama kwa dawa za kienyeji. Kuikata ghafula kwaweza kuua.

Nne, mgonjwa aliyeambiwa «hatujajua bado» asikate tamaa. Magonjwa haya mara nyingi hutambulikana polepole, na munganga anayengoja shahidi wa pili anafanya kazi yake vema. Wakati huo wa kungoja ndio wakati ambao ukoo hutafuta mlozi. Basi wakati huo ndio tunaotakiwa kufika nyumbani mwake mara nyingi zaidi.