Nani alipie msimu wa mvua uliopotea?

Handaki la kuchepusha mto wakati wa ujenzi wa bwawa hufungwa kwa malango ya chuma, na malango hayo yanahitaji mtambo maalumu wa kuyanyanyua na kuyashusha. Katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mtambo huo ulichelewa kufika. Maji yaliyokuwa yaanze kujazwa Novemba 2021 yakaja kuanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mvua za msimu mzima zikapita zikaishia Bahari ya Hindi, na hakuna kifungu cha mkataba kinachoweza kuzirudisha.

Mradi huo ni wa shilingi trilioni 6.5, mitambo 9, megawati 2,115. Mkataba kati ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, na wabia wawili kutoka Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ulisainiwa Desemba 2018, na kazi ilitarajiwa kukamilika katikati ya 2022. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Korona ilivuruga viwanda na meli dunia nzima, kwa hiyo si haki kutupia lawama zote kifaa kimoja. Hata hivyo, kwenye ratiba ya bwawa zipo kazi ambazo zikichelewa wiki chache, mto hukudai mwaka. Hizo ndizo za kuulizia kila Jumatatu: kifaa kimeagizwa lini, kimepakiwa bandari gani, kikikwama tuna njia gani nyingine?

Mkandarasi akichelewa kwa kosa lake hutozwa fidia ya kila siku, na kwa desturi fidia hiyo ina ukomo, mara nyingi asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Kinyozi wa Tandika aliyefunga saluni wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hayumo kwenye hesabu hiyo.

Waajiri wengi, yaani wenye miradi, hudhani dawa ni kumbebesha mkandarasi kila kihatarishi. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, hutambulika kwa rangi za majalada yake. Kitabu chekundu hugawanya mzigo kati ya pande mbili. Kile cha rangi ya fedha humwachia mkandarasi karibu wote, hata mwamba usiotarajiwa chini ya msingi. Mwajiri akisaini hicho hulala usingizi mnono, ila usingizi wenyewe ameshaulipia kwenye zabuni: mkandarasi makini huuweka mwamba huo kwenye bei yake, aukute asiukute. Asiyeuweka ndiye anayeshinda kwa bei ya chini, kisha anaishiwa dizeli kazi ikiwa nusu. Mashimo machache zaidi ya kupima udongo kabla ya kutangaza zabuni yangegharimu kidogo kuliko mabishano ya baadaye, lakini hakuna kiongozi anayekata utepe kwenye shimo la kupima udongo.

Kihatarishi kikubwa katika ukanda wetu, kwa maoni yangu, kiko mikononi mwa mwajiri mwenyewe: malipo. Chini ya toleo la FIDIC la mwaka 1999, mwajiri ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee hesabu za mkandarasi na vielelezo vyake. Zikipita, riba inaanza kuhesabiwa, na mkandarasi anaweza kupunguza kasi au kusimamisha kazi baada ya kutoa taarifa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) nchini Tanzania zimerudia mara kwa mara kutaja riba inayotokana na kuchelewa kuwalipa makandarasi wa barabara. Riba hiyo haiongezi hata mita moja ya lami.

Nchini Kenya, madeni ya barabara yalilimbikizana hadi makandarasi wakaondoka kwenye maeneo ya kazi. Mwaka 2025 serikali iliamua kukopa kwa dhamana ya ushuru wa mafuta ili kulipa takribani shilingi bilioni 175. Katika kila shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara kwenye lita moja ya mafuta, shilingi 7 zilitengwa kwa kazi hiyo. Dereva wa matatu anayejaza tangi leo analipia barabara iliyosimama zamani.

Kila mradi mkubwa una daftari la vihatarishi. Humo utakuta mafuriko, wizi wa saruji, ajali, bei ya nondo, kupanda kwa dola. Ni nadra kukuta mstari unaosema Hazina haitatoa fedha kwa wakati, kwa kuwa anayeandika daftari huajiriwa na huyo huyo atakayetajwa. Na bila mstari huo hakuna anayepewa kazi ya kuufuatilia. Fedha zikikosekana, kazi husimama: reli ya kisasa ya Kenya ilifika Naivasha Oktoba 2019 ikakwama hapo. Wahandisi hawakushindwa na Bonde la Ufa. Mkopo wa kuifikisha Kisumu ndio uliokosekana.