Sindano na Risasi: Hadhira ya Delta ya Tana na Kuanguka kwa Shujaa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii ni kongwe, lakini kila kizazi huipatia kisa kipya cha kuithibitisha. Katika Delta ya Tana na pwani yote ya kaskazini ya Kenya, kisa hicho ni cha Fumo Liyongo, jagina ambaye mkuki na mshale havikumdhuru, aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Katika runinga za karne ya 21 kisa hicho kimevaa nguo nyingine. Mwezi Septemba mwaka 2016 kampuni ya Netflix ilitoa Luke Cage, tamthilia ya uhalifu inayomhusu mkazi wa Harlem, New York, ambaye risasi haziwezi kuipenya ngozi yake. Katika sehemu ya saba ya tamthilia hiyo, shujaa huyo anapigwa risasi ya aina ya pekee iliyotengenezwa ili impenye. Aliyeifyatua ni ndugu yake kwa baba.

Makala haya yananuia kueleza namna hadhira inavyoyapokea matukio ya jinsi hii, na sababu za mapokezi hayo kuwa na uzito katika mahali kama Wema, kijiji cha Wapokomo kilichoko kando ya Mto Tana karibu na Garsen. Hoja inayojengwa ni kwamba mbele ya kuanguka kwa shujaa, hadhira hufanya mambo mawili. Kwanza humlilia aliyeanguka. Pili humteua mwenye hatia. Jambo la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa uteuzi huo haubaki ndani ya hadithi.

Upeo wa matarajio

Nadharia ya upokezi, iliyopata msukumo mkubwa kutokana na mhadhara alioutoa Hans Robert Jauss katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 1967, inashikilia kwamba maana ya kazi ya fasihi haimo katika matini pekee. Msomaji, msikilizaji au mtazamaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio: mambo anayoyategemea kutokana na kazi nyingine alizokwisha kukutana nazo na kutokana na maisha yake mwenyewe. Kazi inaweza kuyatimiza matarajio hayo au kuyavunja, na ni pale inapoyavunja ndipo hadhira inapopaza sauti.

Watazamaji wa filamu za mapigano katika Afrika Mashariki wana kauli yao inayoueleza upeo huo kwa ufupi kuliko mtaalamu yeyote: stelingi hafi. Kauli hii ilienea katika mabanda ya video, ambako filamu za kigeni zilipewa wasimulizi wa Kiswahili waliozungumza juu ya sauti za wahusika. Jijini Dar es Salaam alivuma Lufufu. Nchini Kenya jina la DJ Afro limekuwa maarufu mno. Wasimulizi hawa wamefanya zaidi ya kutafsiri. Wao ni fanani kwa maana kamili ya neno hilo katika fasihi simulizi: huonya, hucheka, humsifu stelingi na humkejeli adui, na hivyo huiongoza hadhira katika kuamua ni nani apendwe na ni nani achukiwe.

Watazamaji waliomo ndani ya utenzi

Kisa cha Liyongo kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakiandika kwa umbo la utenzi. Jambo ambalo aghalabu hupitwa na wanafunzi wanaousoma utenzi huo ni kwamba umejaa watazamaji. Mara tatu, watu wanamtazama Liyongo, na mara tatu mwitiko wao ndio unaoisukuma hadithi mbele.

Mara ya kwanza ni pale wageni wanaoitwa Wagala wanaposikia sifa zake mjini Pate na kutaka kumwona. Jina hilo halipendwi siku hizi; wenyewe ni Waoromo, na jamaa zao wa Delta ya Tana ni Waorma. Liyongo anaitwa kutoka Shaka. Anatembea kwa siku moja mwendo wa siku nne, anapuliza panda mji mzima unashtuka, kisha anatoa ndani ya mkoba wake kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Wageni wanapigwa na butwaa. Mwitiko wao ni wa kuvutiwa: wanaomba awaolee ili wapate mbegu yake. Katika ndoa hiyo anazaliwa mtoto wa kiume.

Mara ya pili ni usiku wa kutoroka gerezani. Mama yake amemletea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Nje ya gereza watu wanacheza gungu kwa nyimbo alizowafundisha yeye mwenyewe, na mshindo wa ngoma unaizima sauti ya tupa inayokata pingu. Hadhira hii inashiriki katika wokovu wa shujaa bila ya kujua. Huo ni ufundi mkubwa wa kinaya, kwa sababu msikilizaji wa utenzi anajua wasichokijua wachezaji.

Mara ya tatu ni kisimani. Baada ya kudungwa, Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kwenye kisima cha mji na kupiga goti akiwa ameutega mshale. Anakufa akiwa katika hali hiyo. Watu wanaofika kuteka maji wanamwona, wanakimbia. Siku zinapita, mji unakaukiwa na maji, na hakuna anayethubutu kusogea. Mama yake analetwa kumsihi mwana asiyesikia tena. Ni pale mwili unapoanguka ndipo umma unapoamini.

Tukio hili linastahili kusomwa polepole. Watu wa mji wanamwona mfu na kumdhania kuwa hai. Wanayafanya yale ambayo kila mtazamaji wa tamthilia ya mashujaa huyafanya stelingi anapopigwa: wanakataa kuamini. Tofauti ni kwamba kwao ukataaji huo una gharama, nayo ni kiu. Tamthilia ya Luke Cage ilitolewa sehemu zote 13 kwa siku moja, hivyo taharuki ya mtazamaji anayeendelea kutazama haidumu zaidi ya muda mfupi tu. Anabonyeza, na sehemu ya nane inaanza. Katika utenzi, mji mzima unasubiri kwa siku kadhaa ukiwa na ndoo tupu.

Risasi ya Yuda

Luke Cage alibuniwa na kampuni ya Marvel mwaka 1972 katika vitabu vya katuni, na mwandalizi mkuu wa toleo la runinga alikuwa Mmarekani mwenye majina ambayo Mswahili hahitaji kufasiriwa: Cheo Hodari Coker. Sehemu ya saba ya msimu wa kwanza ina mapigo mawili. Pigo la kwanza ni kifo cha Cottonmouth, mkuu wa wahalifu, ambaye hauawi na polisi wala na shujaa bali na binamu yake Mariah, baada ya maneno ya zamani ya aibu ya kifamilia kufukuliwa. Pigo la pili ni risasi inayompata Luke Cage. Risasi hiyo inaitwa Yuda.

Watazamaji wengi na wahakiki pia walishangazwa na kuondolewa mapema kwa adui aliyeigizwa kwa ustadi mkubwa na Mahershala Ali. Malalamiko yaliyorudiwa zaidi yalikuwa kwamba nusu ya pili ya msimu ilipwaya baada ya kifo chake. Mwitiko huu unafundisha jambo: hadhira inaweza kumlilia adui kuliko inavyomhofia shujaa, ikiwa adui amepewa utoto, majeraha na sababu. Kuhusu jeraha la Luke Cage, upeo wa matarajio ulibaki imara. Jina lake ndilo jina la tamthilia; stelingi hafi. Naye hakufa.

Kwa msikilizaji wa Delta ya Tana, jina la risasi hiyo halihitaji maelezo. Wapokomo wa maeneo ya chini ya mto walifikiwa na wamisionari wa Kijerumani waliotua Ngao mwishoni mwa karne ya 19, na kisa cha Yuda kinafahamika huko. Wala msikilizaji huyo hahitaji kuelezwa kwamba mwili usiopenyeka lazima uwe na mahali pake pa siri. Shaka, Ozi na Kipini, zinazotajwa katika masimulizi ya Liyongo, ziko upande wa chini wa mto uleule unaopita Wema. Tena Kipokomo na Kiswahili ni lugha ndugu katika kundi moja la Kibantu liitwalo Sabaki. Kwake, mtu wa Harlem ni mgeni aliyekuja na hadithi ya nyumbani.

Msaliti ni nani?

Katika utenzi, mwana anayemsaliti baba yake ni yule aliyezaliwa na mama wa Kioromo. Hapa ndipo hadhira inapopewa njia panda. Njia ya kwanza inasema kwamba usaliti ulitoka upande wa ujombani: kijana hakuwa wetu kamili. Njia ya pili inasema kwamba usaliti ulitoka ikuluni: Sultani wa Pate ndiye aliyeitaka roho ya Liyongo, ndiye aliyeahidi cheo na binti, na ndiye aliyelipa.

Matini yenyewe inaiunga mkono njia ya pili. Kabla ya kumtumia kijana, Sultani alikwisha kujaribu kuwatumia Wasanye na Wadahalo, waliopanga kumnasa Liyongo kwa mchezo wa kula makoma, ambapo kila mmoja angepanda mkoma kwa zamu. Liyongo hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale. Aliyebadilika kutoka njama moja hadi nyingine ni chombo tu. Mnunuzi alibaki yuleyule. Aidha, mwana mwenyewe hakukipata alichoahidiwa, akaishia katika fedheha. Utenzi haukumtukuza wala haukulilaani kabila la mama yake.

Hata hivyo, hadhira haisomi matini katika ombwe. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana katika mashambulizi ya kulipizana kati ya Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima wa kando ya mto, na Waorma, ambao ni wafugaji. Ardhi, maji na malisho vilikuwa katika kiini cha ugomvi, na wanawake na watoto walikuwa miongoni mwa waliouawa. Mahali penye kumbukumbu kama hizo, kumsimulia mwana wa mama wa Kioromo aliyemdunga baba yake si burudani tupu. Fanani anayesita kidogo juu ya asili ya mama na kuipita haraka ahadi ya Sultani amekwisha kuwachagulia wasikilizaji wake adui.

Katika mwanga huo, uamuzi wa Kithaka wa Mberia katika tamthilia ya Kifo Kisimani, iliyochapishwa mwaka 2001 na kusomwa na wanafunzi wa shule za sekondari nchini Kenya, unapata thamani mpya. Mwandishi alibakiza sindano, kitovu, kisima na goti lililopigwa. Alichokibadilisha ni msaliti. Anayemuua Mwelusi ni Gege, ndugu yake, mtoto wa nyumba ileile na mwananchi wa Butangi ileile, aliyenunuliwa kwa ahadi za utawala wa Bokono. Kwa mabadiliko hayo, njia ya kwanza imezibwa. Hadhira haiwezi tena kuutafuta usaliti katika damu ya jirani. Inalazimika kuutafuta katika tamaa na katika mkono wa anayelipa. Watunzi wa Luke Cage nao walifuata mkondo unaokaribiana na huo kwa kumfanya mfyatuaji kuwa ndugu kwa baba, ingawa kwake yeye chanzo si malipo bali wivu wa mwana aliyekataliwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwitiko wa hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Waoromo waliostaajabu, wachezaji wa gungu waliofunika sauti ya tupa, na watu waliokimbia kisima, wote ni watazamaji walioibeba hadithi ya Liyongo. Watazamaji wa Luke Cage walioomboleza adui kuliko jeraha la shujaa nao walitoa hukumu juu ya kazi waliyoitazama.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, hasa wale watakaofundisha katika shule za Garsen, Wema na vijiji vya jirani ambamo watoto wa Kipokomo na wa Kiorma wanaweza kuketi darasa moja, funzo ni la kiutendaji. Kisa cha Liyongo kisifichwe, kwa kuwa ni urithi wa delta nzima. Kisomwe chote, na swali la kwanza baada ya kukisoma lisiwe msaliti alizaliwa na nani, bali nani alimpa sindano. Darasa likilijibu swali hilo kwa ushahidi wa matini, litakuwa limesoma fasihi. Tena litakuwa limejizoeza kumtafuta mnunuzi kabla ya kumnyooshea jirani kidole.