Mtoto wa Pwani Athi River: Jumapili Yake Aifanyie Nini?

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana kiangazi chao. Juni, Julai na Agosti jua huchelewa kutua, shule zimefungwa, na mtu wa mjini hujipangia mambo yake mapema: wiki hii uwanjani kwenye mpira, wiki ijayo muziki bustanini, Jumamosi sinema, Jumapili makumbusho. Agosti ikiisha ana hadithi za kumfikisha mwaka mwingine.

Kwetu Pwani miezi hiyo ni ya kusi. Bahari imechafuka, mashua nyingi zimepandishwa juu, na wavuvi wako barazani wakingoja upepo utulie. Ukipanda bara mpaka Athi River, Julai ni baridi tupu. Kijana aliyetoka Likoni na fulana mbili na kikoi hujua asubuhi ya kwanza kwamba amehamia nchi nyingine. Kichekesho ni kwamba baadhi ya zile kaptura na fulana wanazovaa Wamarekani katika kiangazi chao zimeshonwa papo hapo Athi River, miezi kadhaa kabla, na mikono ya vijana hao hao wanaotetemeka.

Nayaandika haya kwa sababu nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Kisauni hadi Kinango na Malindi, sasa zina mtoto EPZ. Sheria ya kuanzisha maeneo haya ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje ilipitishwa mwaka 1990, na Athi River ikawa eneo kubwa la serikali. Kisha mwaka 2000 Marekani ikapitisha sheria ya AGOA, nguo za Kenya zikaruhusiwa kuingia huko bila ushuru, na cherehani zikaongezeka. Wengi wanaokalia cherehani hizo ni wanawake. Mombasa nayo ina EPZ zake, lakini kijana akisikia kuna kazi Athi River hapigi bao. Hukata tiketi ya treni na kwenda. Treni ya SGR ya vituo vyote husimama pale pale Athi River.

Akifika anapata chumba Mlolongo, Kitengela au karibu na geti, anaanza kazi, na baada ya miaka mitatu ukimuuliza Nairobi ikoje atakwambia ameiona kupitia dirisha la matatu. Kilomita 25 hivi tu! Siku sita yuko kwenye laini, ya saba anafua, analala, na jioni yuko kwenye kibanda cha mpira akitazama timu ya Uingereza, simu mkononi, pesa ya kubeti ikiondoka kidogo kidogo. Hilo la kubeti ndilo linalonikera zaidi. Kamari ni haramu kwetu, hilo halina mjadala, lakini hata ukiliweka kando fanya hesabu tu: shilingi hamsini ya kila siku kwa mwezi ni 1,500. Kwa pesa hiyo mtu angeenda uwanjani mara kadhaa na nauli ikabaki.

Kabla hatujafika uwanjani, tuzungumze haki, maana burudani bila muda ni maneno matupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Pia inampa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, akishatimiza miezi kumi na miwili. Likizo hiyo si hisani ya supavaiza, ni sehemu ya ujira wake. Tena kanuni za jumla za mishahara zinasema ovataimu ya siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili.

Hapo kwenye mara mbili ndipo penye mtego. Kwa mtu anayelipwa kiwango cha chini, Jumapili yenye malipo maradufu si jambo la kukataa kirahisi. Kufuatia nyongeza ya Novemba 2024, kiwango cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, na Mavoko, ambako Athi River ipo, kilikuwa chini kidogo ya hapo. Toa kodi, toa chakula, toa za kumtumia mama. Kisha simu inalia kutoka nyumbani: mdogo wako amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Nani atakataa Jumapili hiyo? Simlaumu kijana. Sisi tulioko huku ndio tunaopiga simu, na sijui ni wangapi kati yetu tunauliza, "Mwanangu, umepumzika?" kabla ya kuuliza, "Umetuma?"

Mapendekezo yangu basi ni ya mtu mwenye Jumapili mbili kwa mwezi. Nyingine mbili auze kama lazima. Hizo mbili azilinde kama alindavyo kitambulisho chake.

Tuanze na michezo, kwa kuwa hapo Athi River ina bahati. Uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, uko kwenye barabara ile ile ya Mombasa. Unashuka kwenye matatu na umefika. Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, uko upande wa pili wa jiji na unahitaji kubadilisha gari, lakini ndiko makubwa hutokea.

Chukua mfano wa Agosti 2025. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao wenyewe. Harambee Stars, ambayo watu walikuwa wameizoea kwa huzuni, ikaifunga Kongo 1-0 tarehe 3, ikatoka sare 1-1 na Angola tarehe 7, ikaifunga Morocco 1-0 tarehe 10 na Zambia 1-0 tarehe 17. Angalia kalenda: tarehe 3, 10 na 17 zote zilikuwa Jumapili. Ushindi wote watatu ulikuja katika siku ya mapumziko ya mfanyakazi! Sare ilikuja Alhamisi, na tuliaga mashindano siku ya Ijumaa tarehe 22, Madagaska ilipotutoa kwa penalti katika robo fainali. Siku hiyo hiyo ndugu zetu wa Taifa Stars walitolewa na Morocco, ambayo baadaye ilichukua kombe kwa kuifunga Madagaska 3-2 pale Kasarani. Kwa hiyo anayesema alimwona bingwa wa Afrika akifungwa na Kenya kwa macho yake, nusu saa au saa moja na ushee kutoka chumbani kwake, hasemi uongo.

Lakini kulikuwa na somo la tiketi. Baada ya watu kuvamia mageti bila tiketi katika mechi za awali, CAF ilipunguza mashabiki wa mechi ya Zambia hadi 27,000 na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Aliyezoea kwenda getini na noti mfukoni alirudi nyumbani. Sasa mambo ya uwanjani yanaanzia kwenye simu, siku kadhaa kabla. Hakikisha unanunua kwenye mtandao rasmi uliotangazwa na waandaaji, si kwa kijana aliyesimama kando ya barabara na picha ya tiketi.

Mashindano yakiisha, ligi ipo. Bandari yetu ikienda kucheza Nairobi, jukwaa lake huwa na nafasi tele, na sauti ya Kimvita katikati ya wabara ina raha yake. Gor Mahia na AFC Leopards, ile waitayo mechi ya mashemeji, ni nzuri kuiona mara moja maishani, ila dada zangu waende na wenzao na watoke mapema. Riadha ndiyo tunayoisahau zaidi. Julai 2017 Kasarani iliandaa mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 18, na siku ya mwisho uwanja ulifurika. Mkenya anajua majina ya washambuliaji wa London kuliko ya wakimbiaji wanaofanya mazoezi nchini mwake.

Sanaa inawatisha vijana wetu, wanadhani ni ya wazungu na wenye gari. Si kweli, na hapa ningependa kukaa kidogo. Shuka mjini kati Jumamosi ukiwa na ruhusa, maana ofisi nyingine hufungwa Jumapili, uangalie jengo la Nyaraka za Taifa kwenye Moi Avenue, mbele ya sanamu ya Tom Mboya. Maelfu hupita hapo kila saa wakikimbilia matatu. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966: vinyago, vitambaa, mapambo na silaha kutoka pande nyingi za Afrika. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai, naye akatumia maisha yake kukusanya vitu ambavyo wengine waliviona takataka. Sehemu nyingine ya vitu vyake iko Nairobi Gallery, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambamo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Wakati wa adhuhuri tembea hadi Msikiti wa Jamia. Ujenzi wake ulikamilika mwaka 1933, na hata asiye Mwislamu husimama kutazama kuba zake. Swali, pumzika, kisha uvuke upande wa pili uone Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 na simba wake wa mawe. Umetumia nauli na chakula, basi.

Makumbusho ya Taifa, juu kidogo ya mji, ni ya siku nyingine. Huko kuna mifupa ya kijana wa Turkana, mtu wa kale aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkamba wa Makueni, jirani kabisa na hapo Athi River, ambaye hakuwa na shahada alipoanza kuchimba. Kuna pia ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Mtoto wa Pwani akikuta ndovu mwenye jina la mjomba wake hawezi kujiona mgeni. Raia hulipa ada ya chini sana kuliko watalii, beba kitambulisho.

Sinema nimeona zikibadilika. Enzi za Regal na Naaz mjini Mombasa, filamu ya Kihindi ilikuwa safari ya familia nzima, na njugu mkononi. Leo sinema imehamia madukani makubwa, na tiketi yake kwa mshona nguo ni ghali. Kibanda cha video cha Mlolongo chenye sauti ya DJ Afro ndiyo sinema ya wengi, wala sikidharau; kusimulia filamu ya Kichina ukaifanya ya Kenya ni kipaji. Ila filamu zetu zipo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inamhusu kijana aliyetoka mashambani kwenda Nairobi akitafuta uigizaji, akaangukia kwa wezi; kila mzazi mwenye mtoto Athi River ingemfaa kuiona. Supa Modo ya mwaka 2018 mtazame na watoto, muwe na leso. Vituo vya utamaduni kama Alliance Française huonyesha filamu na picha za kuchora, mara nyingi bila kiingilio.

Matamasha ya muziki sina mengi ya kusema. Mengi ni ya usiku, pombe ndiyo mfadhili, na anayetakiwa getini asubuhi hana biashara huko. Ya mchana yapo: vijana wa Ghetto Classics kutoka Korogocho, waliojifunza vinanda na tarumbeta, hupiga muziki ambao mtu anaweza kumpeleka mama yake. Anayetaka ladha ya kwetu basi apange likizo. Zanzibar ina tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, filamu zikionyeshwa Ngome Kongwe chini ya nyota, na Sauti za Busara tangu 2004, kila Februari, wakati wa kaskazi.

Wala msisahau cha bure kilicho mlangoni. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, na wanyama hutoka kuelekea nyika za Kitengela na Athi. Asubuhi ya Jumapili yenye jua, twiga na pundamilia huonekana kutoka barabarani.

Na kuna jambo la kuanza kulipangia sasa. AFCON ya 2027 imepangiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na pale Ngong Road uwanja wa Talanta wa watu 60,000 umekuwa ukijengwa kwa ajili yake. Wakati huo kila mtu kiwandani ataomba likizo siku moja. Mwenye kutaka kuwa uwanjani ajaze fomu yake mapema, kwa maandishi, abaki na nakala, na amwambie mama nyumbani kwamba mwezi huo ya kutuma itapungua kidogo.