Kuhesabu Vichwa na Kupima Kazi

Karani wa takwimu abishaye hodi katika nyumba ya Pangani, akamuuliza mwenye nyumba iwapo katika siku 7 zilizopita alifanya kazi yoyote ya ujira au faida, walau kwa saa moja, aghalabu hujibiwa, "Sina kazi, mwanangu, nipo nyumbani tu," ilhali chuma cha vitumbua alivyochoma tangu alfajiri hakijapoa jikoni. Karani aliyekomaa hafungi daftari. Humuuliza mama aliamka saa ngapi na aliuza mpaka saa ngapi, na akiambiwa saa kumi alfajiri hadi saa nne asubuhi, kila siku, huandika saa 42 kwa juma.

Lakini hata saa zikishapatikana, saa si sawa zote. Tuchukue shamba la mkonge lenye wakataji 9 na fundi 1 wa korona, ile mashine ikwanguayo majani hata zikabaki nyuzi, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba fundi hulipwa ujira wa wakataji 3. Dale Jorgenson na Zvi Griliches, katika makala yao ya 1967, walishika kanuni ya kupima kazi ya kila kundi kwa fungu lake katika jumla ya ujira, kwa dhana kwamba ujira wa mtu ni sawa na faida anayoleta. Tukiirahisisha hesabu yao, shamba letu lina kazi ya 12. Mkataji mmoja akiondoka akaajiriwa fundi wa pili, watu ni wale wale 10, ila kazi imekuwa 14.

Hesabu ni nzuri, isipokuwa mama wa vitumbua halipwi ujira na mtu, na katika Tanzania walio wengi ni kama yeye: wakulima, wavuvi, wachuuzi. Wenye hesabu, basi, huazima ujira wa mwajiriwa anayemkaribia kwa umri na elimu, wakamvisha.

Fauka ya hayo, wanatakwimu wa kazi wa kimataifa waliokutana Geneva mwaka 2013 waliamua kwamba alimaye hasa kwa chakula cha nyumba yake asiingizwe katika wenye ajira, ingawa jasho lake ni kazi. Hata mwenye kulinganisha tafiti za kabla na za baada, asipoangalia, atadhani kilimo kimekimbiwa na watu ambao wangali kondeni, jembe mkononi.

Basi, msomaji, ukionyeshwa jedwali la nguvukazi ya nchi changa, kabla ya kutazama jumla, uliza waliojiajiri wamevishwa ujira wa nani.