Si Mwili Uliozoea Dawa

Kwenye maduka ya dawa ya Kasulu mjini na Kibondo, mkoani Kigoma, kama ilivyo kwingi nchini, mteja humwambia muuzaji: "Hizo nimeshakunywa sana dada, mwili umezizoea. Nipe kali zaidi." Dada anaelewa, ananyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini yamebeba kosa ambalo limetugharimu sana. Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaozishinda ni bakteria, na bakteria hawakai ndani ya mtu mmoja. Wanatoka na kinyesi, wanaingia kijitoni, kwenye ndoo, kwenye vidole vya mama anayemlisha mwanawe, na wanavuka mpaka pamoja na wanaotembea kwa miguu. Dawa iliyoharibika kwangu inaweza kuwa imeharibika pia kwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kuionja.

Bakteria wa tumboni akipata chakula na joto anaweza kugawanyika kila baada ya dakika kama 20. Kwa hesabu ya karatasini, mmoja wa saa kumi na mbili asubuhi angekuwa zaidi ya bilioni 68 saa kumi na mbili jioni. Katika uzazi wa kasi hiyo makosa madogo ya kurithisha hayakosekani, na mara chache sana kosa moja humpa bakteria uwezo wa kuhimili dawa: ukuta wake haupitishi, au anaitema dawa nje, au anaikatakata. Siku za kawaida uwezo huo haumpi faida yoyote. Siku antibiotiki inapomezwa, wenzake wote wanakufa na yeye anabaki na uwanja mzima. Dawa haikumfundisha kitu, ilimwondolea washindani.

Tanzania ina ushahidi wa jambo hili. Oktoba 1977 kipindupindu kilizuka nchini na kuenea mikoani. Tetrasaiklini, ile ambayo wengi wetu tunaiita rangi mbili, ilitolewa kwa wagonjwa, na pia ikatolewa kwa wingi kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Mtafiti Fred Mhalu na wenzake wa Dar es Salaam wakawa wanaotesha bakteria wa wagonjwa na kuwajaribu kwa dawa. Mwanzoni bakteria wote walikufa kwa tetrasaiklini. Baada ya miezi mitano ya kuigawa, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa hawakuijali tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979 katika jarida la Lancet. Miezi mitano tu, na dawa iliyokuwa tegemeo ikawa imepotea. Nadhani hakuna hesabu ya kitabibu iliyofanyiwa nchini mwetu ambayo ingefaa kujulikana na kila mwananchi kuliko hii.

Kasi hiyo haielezwi na makosa ya kuzaliana peke yake. Bakteria wana njia nyingine, nayo iligunduliwa kupitia ugonjwa wa kuhara damu. Japani, miaka ya 1950, madaktari walishangazwa na wagonjwa waliokuwa na bakteria wa Shigella wasiouawa na dawa nne tofauti kwa mpigo. Ajabu zaidi, bakteria wa kawaida wa tumbo la mgonjwa huyohuyo nao walikuwa sugu kwa dawa zilezile nne. Mwaka 1959 watafiti wa huko walionyesha kwamba usugu ulikuwa ukihama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa jamii tofauti; baadaye ikajulikana kwamba hubebwa na kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plazimidi. Ni kama mwizi aliyechonga ufunguo wa stoo anapomchongea na mwenzake nakala: hakuna anayelazimika kujifunza kuvunja kufuli upya.

Hapa ndipo bakteria wetu wa amani wanapoingia. Mwili wa mtu mzima hubeba bakteria kama trilioni 38, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana, idadi inayokaribiana na ya chembe za mwili wenyewe. Wanatusaidia kusaga chakula, wanatengeneza baadhi ya vitamini, wanawabana wageni wabaya wasipate nafasi. Antibiotiki uliyomeza kwa ajili ya mafua inawapiga hao. Ndiyo sababu watu huharisha baada ya amoksilini. Wanaosalia wanabaki na plazimidi zao, na siku Shigella akipita hapo anaweza kuondoka na nakala.

Kwa watu wa nyanda za juu za Kigoma, Shigella si jina la vitabuni. Aina yake kali kuliko zote, Shigella dysenteriae wa kwanza, aliyetambuliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwishoni mwa karne ya 19, hutoa sumu inayochubua utumbo na wakati mwingine kuharibu figo. Kumwambukiza mtu hakuhitaji bakteria wengi: kati ya kumi na mia wanatosha, wakati kipindupindu kwa kawaida huhitaji mamilioni. Mkono mmoja usionawa unatosha. Mwaka 1979 mlipuko wa Shigella huyo ulianza mashariki ya Zaire, ukaenda Rwanda na Burundi na kuingia magharibi mwa Tanzania. Tangu awali alikuwa sugu kwa ampisilini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Madaktari wakahamia kotrimoksazoli, maarufu kwa jina la septrini. Ndani ya muda mfupi ikaanguka. Wakahamia asidi ya nalidiksi, nayo ikaanza kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliochunguza kuhara damu nchini Burundi waliripoti kwamba bakteria walikuwa sugu kwa antibiotiki zote za kumeza zilizokuwa zikitumika huko wakati ule. Zote.

Fikiria basi kilichofuata. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na mamia ya maelfu ya Warundi wakakimbia. Waliovukia upande wetu walipokelewa Ngara, Kibondo na Kasulu. Kuhara damu kukazuka katika kambi za wakimbizi za ukanda huu, na wauguzi wakawa na vidonge ambavyo sehemu kubwa havikuwa na kazi. Julai 1994 huko Goma, Zaire, walikokimbilia Wanyarwanda, mambo yakawa mabaya zaidi: katika mwezi wa kwanza walikufa wakimbizi wapatao 50,000, kwanza kwa kipindupindu, kisha kwa kuhara damu. Bakteria wa kipindupindu waliopimwa Goma walikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini, na Shigella alikuwa sugu kwa asidi ya nalidiksi. Watu waliokuwa wamelala kwenye mawe ya volkano, bila maji wala choo, hawakuwa wamezitumia vibaya dawa hizo. Usugu ulikuwa umetengenezwa miaka mingi kabla, na watu wengine kabisa, ukawakuta wao.

Nyanda hizi pia zinajua upande wa pili wa habari. Mei 2015 machafuko ya Burundi yaliwaleta makumi ya maelfu ya watu Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali, kisichokuwa na barabara ya gari. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwani, na vyoo havikutosha hata sehemu ndogo ya watu. Kipindupindu kilifumuka. Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wamefikia 3,000 hivi, na waliokufa 31, wawili kati yao wakiwa Watanzania. Watu walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma mjini, kisha kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ambayo ilikuwa imewahifadhi Wakongo tangu katikati ya miaka ya 1990. Baadaye mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena.

Ninaumia kwa kila kifo katika hao 31. Lakini nataka msomaji aione hesabu yenyewe: ni kifo kimoja hivi kwa kila wagonjwa mia, mahali pasipofikika kwa gari. Kipindupindu humkausha mtu; aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na asipotibiwa uwezekano wa kufa unakaribia nusu kwa nusu. Kinachomrudisha ni maji yenye chumvi na sukari, ORS kwa anayeweza kunywa na dripu kwa asiyeweza. Antibiotiki kwa waliozidiwa hufupisha siku za kuharisha na kupunguza bakteria wanaotoka. Ni msaidizi tu. Juni 2015 chanjo ya kumeza ya kipindupindu ikaanza kutolewa Nyarugusu. Maji yaliyotiwa klorini, vyoo, ORS, dripu, chanjo: katika orodha hiyo hakuna hata kimoja kinachowapa bakteria nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa zetu. Ninapowasikia viongozi wa vijiji wakisema mradi wa maji ni suala la maendeleo na dawa ni suala la afya, natamani tungeketi pamoja. Bomba linalotoa maji safi ndilo linaloilinda antibiotiki ya siprofloksasini kuliko bango lolote la ukutani.

Siprofloksasini ni miongoni mwa chache zilizobaki. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeitaja kuwa dawa ya kwanza kwa kuhara damu, baada ya zile za awali kuanguka. Na leo inauzwa kwa kuhesabiwa, vidonge vinne vya UTI, vidonge sita vya "tumbo kuchafuka". Maduka ya dawa muhimu, DLDM, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, yamewasogezea dawa watu ambao zamani wangetembea siku nzima, na hilo ni jambo jema sana. Sheria inataka antibiotiki itolewe kwa cheti cha daktari. Tunajua kinachotokea mteja anapokuja na shilingi elfu moja badala ya cheti.

Sehemu kubwa ya vidonge hivyo huliwa kwa sababu ya homa. Kigoma ni mkoa wa malaria: utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kipimo cha haraka cha malaria kimesaidia mno kutoa dawa mseto kwa anayestahili. Ila kipimo kikisema hakuna malaria, mhudumu na mzazi wote huona lazima mtoto aondoke na kitu, na kitu hicho huwa antibiotiki. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Takriban asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye maambukizi ya bakteria walikuwa kama asilimia 22. Virusi hawana sehemu ambazo antibiotiki inazilenga. Kwa watoto wengi kati ya hao, amoksilini ingepita tumboni ikawasumbua bakteria wa amani na kuondoka bila kuwagusa virusi waliosababisha homa.

Kuna pia "taifodi" ya kipimo cha Widal. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupambana na jamii yake, na askari hao wanaweza kuwa wa vita vya mwaka juzi. Mtu mmoja anaweza kuambiwa ana taifodi mara tatu kwa mwaka, akanywa siprofloksasini mara tatu, na asiwe na taifodi hata mara moja.

Wafugaji nao wamo. OTC ya ng'ombe na kuku, yaani oksitetrasaiklini, ni ya jamii ileile ya tetrasaiklini, na maziwa yaliyokamuliwa kabla ya siku za kusubiri kwisha yanatupa dozi ndogo sote.

Gharama ya usugu huu huonekana wodini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, watafiti waliotesha damu za watoto waliolazwa. Walioingiwa damuni na bakteria wa kundi linaloitwa Gramu hasi walikufa kwa asilimia 43.5. Waliolazwa kwa malaria walikufa kwa asilimia 20.2. Na miongoni mwa wenye bakteria damuni, usugu dhidi ya dawa ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoashiria kifo. Serikali ilitoa mpango wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, na wa pili unaanzia 2023 hadi 2028.

Kwa mzazi wa Makere, Mabamba au Heru Juu, yapo mambo ya kufanya usiku huu. Mtoto anayeharisha maji bila damu anahitaji ORS tangu choo cha kwanza, aendelee kunyonya na kula, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Antibiotiki za dukani hazimsaidii. Akilegea, macho yakaingia ndani au akashindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya hapohapo, ORS ikiendelea njiani. Mtoto anayeharisha damu ni habari tofauti: huyo anahitaji antibiotiki, tena mapema, lakini aliyeichagua awe mhudumu wa afya. Asipewe rangi mbili wala nusu ya dozi iliyobaki kabatini. Na wakiwa wagonjwa wawili watatu wa kuhara damu katika kitongoji kimoja, mwombe mhudumu achukue kinyesi kabla ya kidonge cha kwanza na sampuli ipelekwe maabara inayootesha bakteria. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Mgonjwa wako huenda atakuwa ameshapona yatakapofika, lakini mganga mkuu wa wilaya atajua ni dawa gani bado inamuua bakteria huyo, na ipi asihangaike kuiagiza.