‘Tungemchagua’ au ‘tungalimchagua’? Kesi ya mlinzi wa Houston

MPWA wangu anayeishi Houston, Texas, amenitumia ujumbe wa sauti akitaka niwe hakimu. Yeye na Wakenya wenzake wawili walikuwa wakibishana kuhusu uamuzi ambao timu yao, Houston Texans, ilifanya mwaka wa 2006. “Mjomba, mmoja anasema ‘tungemchagua Bush tungeshinda’, mwingine anasema hiyo si Kiswahili, eti ni ‘tungalimchagua’. Sasa nani yuko sawa?”

Kabla ya kuamua, yafaa nieleze mashtaka yenyewe, kwa sababu mchezo huu hata jina lake linatutatiza. Tukiuita ‘mpira wa miguu wa Marekani’ tutakuwa tumesema uongo mchana kweupe: mpira huo hubebwa na kurushwa kwa mikono, na ni mara chache tu unapopigwa teke. Mimi husema ‘kandanda ya Marekani’. Kandanda haijajifunga kwa miguu.

Kila mwaka, mwezi Aprili, timu 32 za ligi hiyo hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia hutangulia kuchagua, na mabingwa huja mwisho. Raundi ni saba. Mchezaji hana sauti: akitajwa na timu, ni hiyo atakayozungumza nayo. Shughuli hii tuiiteje? Vijana husema ‘drafti’, lakini neno hilo tayari lina mwenyewe, na wengi wetu tukilisikia tunawaza ubao na vifuniko vya soda. ‘Mchujo’ nao umetekwa na vyama vya siasa. Isitoshe, kuchuja ni kuondoa makapi, ilhali hapa kinachofanywa ni kuokota kilicho bora. ‘Usajili’ huhitaji pande mbili zikubaliane. ‘Mnada’ hauwi mnada bila bei kupandishwa. Nimebaki na ‘uteuzi’. Anayeteuliwa, awe waziri au mchezaji, huamuliwa na mwingine.

Tofauti ya uteuzi na usajili si ya wanaisimu peke yao. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, hakupitia uteuzi. Alisajiliwa. Gazeti likiandika kwamba ‘aliteuliwa’ na Colts litakuwa limempa historia isiyo yake.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la mshtakiwa mwenyewe. Mario Williams, kijana wa Chuo Kikuu cha North Carolina State mwenye kimo cha karibu mita mbili na uzani wa zaidi ya kilo 130, alikuwa ‘mlinzi wa mstari wa mbele’. Kwa sikio la shabiki wa Gor Mahia au AFC Leopards, maneno ‘mlinzi’ na ‘mbele’ hayakai nyumba moja. Beki hukaa nyuma, karibu na kipa. Huyu wa Marekani husimama pua kwa pua na wapinzani, na mpira ukianza tu huwavamia ili amwangushe mrushaji kabla hajaurusha. Ni mlinzi ambaye kazi yake ni kushambulia. Ndiyo maana napinga wanaomwita ‘beki’. Afadhali maelezo marefu kidogo kuliko neno fupi linalopotosha.

Sasa kesi. Msimu wa 2005 Texans walishinda mechi mbili na kupoteza 14, wakapata haki ya kuteua wa kwanza. Mashabiki walikuwa na vipenzi wawili. Reggie Bush wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa mkimbiaji wa kutisha, mshindi wa tuzo ya Heisman. Vince Young naye alikuwa mtoto wa Houston, mzaliwa wa hapo hapo, aliyekuwa ameiongoza Texas kuwashinda akina Bush 41-38 tarehe 4 Januari 2006. Kati ya mkimbiaji na mwana wa nyumbani, nani angefikiria mlinzi?

Katika miezi hiyo, kiambishi kilichotawala mabishano kilipaswa kuwa -ki-: ‘Tukimteua Bush, tutafunga kila wiki.’ Sharti la -ki- liko wazi; jambo lenyewe laweza kuwa au lisiwe. Uvumi ulipoanza kwamba viongozi wa timu wanamtazama Williams, -nge- ikaingia: ‘Tungemteua Young, mji mzima ungefurahi.’ Msemaji wa -nge- anashuku kwamba jambo halitakuwa, lakini mlango haujakomewa. Jioni ya Aprili 28, siku moja kabla ya uteuzi, timu ikatangaza kwamba imekubaliana na Williams. Mlango ukafungwa. Kuanzia hapo sarufi inadai -ngali-: ‘Tungalimteua Young…’ Wakati umepita, sharti halikutimia, na halitatimia kamwe.

Kwa hiyo, anayedai ‘tungalimchagua’ ana haki kwa mujibu wa sarufi tuliyofunzwa. Hata hivyo, siwezi kumhukumu mwenzake kifungo. Katika mazungumzo, Wakenya wengi, na Watanzania pia, wameiachia -nge- kazi zote mbili, na muktadha huwaokoa. Nani atadhani kwamba uteuzi wa 2006 bado unaweza kufanywa upya? Ninachokataa ni kusema kwamba -ngali- imekufa. Katika maandishi bado inabeba mzigo ambao -nge- haiwezi kuubeba bila usaidizi.

Walimu wetu walitukanya tusichanganye viambishi hivi katika sentensi moja. Kwa jumla walikuwa sahihi, lakini mimi huona mwanya. Chukua sentensi hii: ‘Tungalimteua Young mwaka ule, leo hii ningekuwa na jezi yake ukutani.’ Sharti ni la jana, tokeo ni la leo. Kulazimisha ‘ningalikuwa’ hapo ni kuiburuta leo hadi jana. Najua baadhi ya wasomaji wa safu hii watanirukia kwa hilo. Karibuni.

Mashabiki wa Houston walikuwa na sababu ya kuing’ang’ania -ngali-. Bush alikwenda New Orleans, Young akaenda Tennessee. Tarehe 10 Desemba 2006 Young alirudi Houston na timu yake mpya, mechi ikaingia muda wa ziada, naye akakimbia yadi 39 na mpira mkononi kuumaliza mchezo 26-20. Mbele ya mji wake! Williams msimu huo aliwaangusha warushaji mara 4.5 tu (nusu hutokea walinzi wawili wanapogawana sifa). Lakini mwaka uliofuata aliwaangusha mara 14, na mwaka wa 2008 mara 12. Bush alivaa taji la ubingwa Februari 2010, Young akafifia mapema kuliko ilivyotarajiwa, na Williams akahamia Buffalo mwaka wa 2012. Nani alikuwa sahihi? Uzuri wa -ngali-, au ubaya wake, ni kwamba haina shahidi. Kwa hiyo ubishi hauishi.

Kuna kiambishi kingine ambacho mpwa wangu hakukiuliza, nacho kilinichekesha zaidi. Akisimulia usiku wa uteuzi husema ‘walimchagua Williams’. Akifika kwenye msimu wa mara 14, ghafla ni ‘tulimchagua’. Kosa ni la ‘wa-’, sifa ni za ‘tu-’. Wasikilizeni mashabiki wa Arsenal kwenye matatu Jumatatu asubuhi: ‘tulishinda’, lakini ‘walifungwa’.

Mwaka wa 2011 Texans walimteua mlinzi mwingine wa mstari wa mbele, J.J. Watt wa Wisconsin, akiwa wa 11. Mashabiki waliokusanyika kufuatilia uteuzi walimzomea. Januari 2012, katika mechi ya kwanza ya mchujo katika historia ya timu hiyo, Watt aliudaka mpira wa mrushaji wa Cincinnati na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Baadaye akatwaa tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara tatu. Waliozomea sasa wanahitaji ukanushi, na Kiswahili kinawapa njia mbili: ‘tusingalimteua’ na ‘hatungalimteua’. Zote zinakubalika. Mimi huchagua ya kwanza, kwa sababu -si- hukaa ndani ya kitenzi mkabala na sharti linalokanushwa, na sikio halihitaji kurudi nyuma kuitafuta.